Binamu kauliza: seva ya chama tuihifadhi vipi?

Leo ni habari za kazi, mnivumilie. Binamu anayetunza kompyuta za chama chetu cha akiba na mikopo ameniuliza: seva yenye hesabu za wanachama aichukulie nakala za akiba kwa njia gani? Nilimjibu kwa simu harakaharaka, lakini pesa za shangazi zimo humo, na za wengi mnaosoma hapa, kwa hiyo nasema mbele yenu wote.

Yeye anapenda seva pacha, mashine ya pili inayoandika kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza. Ya kwanza ikiungua, pacha anashika zamu. Sawa. Lakini pacha hutii kila kitu: karani akifuta orodha ya mikopo kwa bahati mbaya, sekunde chache baadaye imefutika na kule. Kwangu mimi hiyo si nakala ya akiba hata kidogo.

Wengine hukopi folda ya data kwenye flashi huku seva inafanya kazi. Hapana jamani! Faili zinabadilika wakati unazikopi, unaondoka na nusu ya hesabu za saa nne na nusu za saa nne na dakika tano.

Mimi nachagua njia ya kizamani: kila usiku programu kama pg_dump (kwa PostgreSQL) au mysqldump (kwa MySQL) itoe data yote kwenye faili moja. Kwa chama kidogo faili lenyewe si kubwa. Ubaya wake, ajali ikitokea saa kumi jioni kazi ya siku nzima imepotea. Lakini stakabadhi za karatasi zipo, mtaandika upya. Benki haiwezi kusema hivyo, yenyewe lazima itunze pia kumbukumbu ya kila badiliko ili irudi mpaka dakika ya kabla ya ajali.

Na faili lisilale jengo moja na seva. Machi 2021 kituo cha seva cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja ambao nakala zao ziliungua humohumo.

Sasa kinachoninyima usingizi. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, amechoka usiku, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Gigabaiti kama 300, zikabaki 4.5. Pacha alikuwa mtupu, ndiye waliyekuwa wakimtengeneza. Faili za pg_dump? Hazikuwepo. Programu ilikuwa toleo la zamani kuliko seva, ilikuwa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo fundi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa! Na hao ni wataalamu.

Basi nikamuuliza binamu: mara ya mwisho umerudisha nakala na kuifungua ni lini? Kimya. Nikadhani simu imekatika.

Nimemwomba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi achukue laptopu ya zamani, arudishe faili la jana usiku, kisha alinganishe salio la shangazi na kitabu chake. Ameniahidi ataanza mwezi huu. Shangazi, ukimwona Jumapili nenda na kitabu.