Wito Haushurutishwi

Sisi watu wa pwani neno "wito" twalijua kwa kuitwa harusini, kuitwa matangani, au kuitwa kwa kadhi. Lakini huku Kajiado, nilikokuja kwa biashara na kukaa miaka mingi, neno hili lina uzito mwingine. Kijana wa Kikatoliki akisema ana wito, jamaa zake hunyamaza kwanza, kwani ni kusema kwamba moyo wake wavutwa kwenye upadri, naye hataoa wala hatazaa.

Hapa Kitengela majirani zangu wana kijana wa namna hiyo. Mama ana furaha, baba hana raha. Mimi ni Mwislamu, na huenda mtu akaniuliza yanihusu nini. Yanihusu kwa sababu haya niyaonayo kwa majirani nayaona na kwetu pia.

Kwanza tumwelewe baba. Kwa Wamasai, kama kwetu, mwana ndiye ashikaye jina la babake. Na sasa limezidi la ardhi. Zamani watu wa nyika hii walichunga pamoja, lakini ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo kila mzee ana hati yake na mpaka wake. Padri wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara kama watawa, kwa hiyo aweza kurithi shamba la babake; lakini baada yake nani? Tena wazee hao wamezoea uongozi wa dini wa oloiboni, unaokwenda kwa damu katika ukoo wa Inkidongi. Padri hakuzaliwa na upadri wake, wala hana wa kumrithisha.

Sasa wito huo hujulikanaje? Wengi wetu hudhani kijana huota ndoto usiku, asubuhi akavaa kanzu. La hasha! Jimbo la Ngong, lililopata hadhi ya jimbo kamili mwaka 1976 na linalowalea Wakatoliki wa Kajiado na Narok, lafuata sheria ile ile ya Kanisa zima iliyotangazwa mwaka 1983. Sheria hiyo yataka masomo ya filosofia na theolojia ya miaka 6 kamili, na asipewe upadri asiyetimiza miaka 25. Sharti kwanza awe shemasi. Muda wote huo walezi wa seminari wamtazama: asalije, aishije na wenziwe, alichukuaje neno la kukosolewa. Ana na mlezi wa roho wa kumfungulia kifua chake, na mlezi huyo haruhusiwi kuulizwa rai yake wakati wa kuamua kama kijana apewe daraja. Siri hubaki siri.

Lililonigusa zaidi ni hili. Sheria hiyo yakataza kabisa mtu kushurutishwa awe padri, na papo hapo yakataza kumzuia aliyestahili. Tena kabla ya kupewa daraja, kijana huandika kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba aingia kwa hiari yake. Basi mama asukumaye na baba azuiaye wote wamevuka mpaka.

Naam, dini yetu haina utawa; imamu wetu ni mume na ni baba wa watoto. Lakini kupambanua jambo zito twakujua. Tuna rakaa mbili za istikhara, na tuna mashauri ya wazee. Na kila mwenye akili ajua kwamba aswaliye istikhara hali amekwisha kata shauri, huyo hatafuti uongozi, atafuta muhuri tu.

Ndiyo maana nachukizwa na aibu wanayotwikwa vijana watokao seminari. Kijana akirudi baada ya miaka 3 au 4, watu humnong'ona kuwa ameshindwa, na mamake huona haya kukaa na wenziwe kanisani. Ameshindwa nini? Miaka ile iliwekwa ya kupimana. Mizani isiyoweza kushuka si mizani, nasi wafanyi biashara twalijua hilo. Anayebaki kwa kuogopa aibu ataichukua aibu hiyo hadi madhabahuni, na mzigo wake utawaangukia waumini watakaomwendea na shida zao.

Wala tusiwacheke majirani. Kwetu mzazi humwekea mwanawe nadhiri angali mchanga kwamba atakuwa hafidhi au shekhe. Asipozimaliza juzuu 30, hutazamwa kama aliyepotea, ijapokuwa ni kijana mwema, aswali, na kazi yake ni ya halali. Watu hutoka mbali kwenda Riyadha ya Lamu kutafuta elimu, na elimu iliyotafutwa hukaa moyoni. Ya kusukumwa huishia mdomoni.

Rai yangu kwa wazazi wa Kitengela na wa Mombasa ni moja. Mwombeeni mtoto, mshaurini, mwambieni wazi mnachokihofia, kisha mwacheni apimwe. Akifika, mshukuruni Mungu. Akirudi, mpokeeni kama mpokeavyo msafiri: mpeni maji, mwulizeni habari, na kesho mtafutieni kazi.