Kuanzia Kengele ya Shule Hadi Magharibi



Mzazi afanyaye kazi kiwandani, sokoni au ofisini huwa na mwanawe nyakati mbili tu kwa siku: asubuhi anapomvalisha sare, na jioni anapomkuta nyumbani. Zilizo katikati amezikabidhi kwa wengine. Saa za shule zina mwalimu, zina daftari la mahudhurio na zina kengele. Lakini tangu kengele ya mwisho inapolia hadi mzazi anaporejea, zipo saa nne au tano ambazo aghalabu hazina mwenyewe. Mtoto huzipitisha kwa jirani aliyekubali kuangalia watoto wa wenzake, kwenye kituo cha kulelea watoto, tuisheni, madrasani, au uani pamoja na watoto wa nyumba nzima. Leo tuzungumzie jambo moja litokealo katika saa hizo: mtoto kuonewa na watoto wenzake.

Wako wasemao kwamba mambo ya watoto wayamalize watoto wenyewe. Kauli hiyo ina ukweli wake pale watoto wanapogombana. Haina ukweli wowote pale mtoto anapoonewa, na yatupasa kwanza kuijua tofauti.

UGOMVI, UTANI NA UONEVU

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kulichunguza jambo hili huko Sweden na Norway miaka ya 1970, alitufundisha kutazama alama tatu. Ya kwanza ni kusudi: anayetenda anataka kumuumiza mwenzake, kwa mkono, kwa maneno au kwa kumtenga. Ya pili ni kurudiwa: jambo halikutokea mara moja likaisha, bali hutokea leo, kesho na keshokutwa. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni nguvu zisizolingana: mmoja ni mkubwa, au ana kundi nyuma yake, au mwenzake ni mgeni, maskini au mlemavu. Watoto wawili wa kimo kimoja wakigombania mpira wa chandimu na kurushiana ngumi, huo ni ugomvi. Watawekwa sawa na jioni watacheza tena. Mtoto mmoja akinyang'anywa hela yake ya barafu kila siku na mwenzake anayemzidi miaka mitatu, huo ni uonevu.

Sisi tuna desturi nzuri ya utani, na waonevu wengi hujificha nyuma yake. "Tulikuwa tunamtania tu," husema wakikamatwa. Lakini utani una sheria yake: anayetania naye hutaniwa, na wote wawili hucheka. Mtoto aliyepachikwa jina la Kikojozi, akaitwa hivyo mbele ya kundi zima kila anapofika, na asiye na jina la kurudisha, huyo hataniwi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya watoto wachache. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilieleza kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Ikiwa hali ni hiyo shuleni penye walimu, mzazi na ajiulize ilivyo mahali ambapo mtu mzima mmoja anaangalia watoto thelathini huku akipika.

KWA NINI MTOTO HASEMI

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tatu. Kila siku ya tuisheni mkubwa mmoja humegea andazi lake, kisha huwaambia wengine wasikae naye mkekani. Mtoto huyo hasemi neno nyumbani. Mama yake huona tu kwamba siku za tuisheni tumbo linamuuma, na siku za Jumamosi amepona kabisa.

Hunyamaza kwa sababu nne. Huogopa kuitwa mchongezi. Huogopa kuchapwa kwa kupoteza hela au daftari ambalo kwa kweli alinyang'anywa. Huogopa kuambiwa ajikaze. Na sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote: anajua kuwa mama hana mahali pengine pa kumwacha. Watoto wa wafanyakazi hulitambua hilo mapema sana, na wako wanaoubeba uonevu mwaka mzima ili wasimwongezee mzazi mzigo. Kimya kingi, ndugu msomaji, kina mshindo mkuu.

Basi tumsome mtoto hata kabla hajasema. Anarudi na njaa ilhali alipewa chakula. Vitu vyake hupotea mara kwa mara. Sare imechanika naye hana maelezo. Anabadili njia ya kurudia nyumbani. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Amekuwa mkali kwa mdogo wake, kana kwamba anamlipisha deni la mtu mwingine. Dalili moja haitoshi kuthibitisha, lakini zikiwa mbili au tatu zinataka mazungumzo.

Mazungumzo hayo yasianze kwa kuuliza, "Nani kakuonea?" Jibu litakuwa, "Hakuna." Uliza mambo madogo wakati mnachambua mchele au mnatembea kwenda dukani: Leo ulikaa karibu na nani? Mwalimu alipotoka, nani alibaki na nyinyi? Mlicheza nini, nani hakucheza? Mtoto atakuchorea picha ya mahali pale bila kujua kuwa anashitaki.

WAJIBU WA MZAZI

Akisema, msikilize hadi mwisho. Usimkatize kwa swali la "Na wewe ulimfanya nini?" Mwambie wazi kwamba kosa si lake na kwamba amefanya vyema kusema. Mfundishe pia tofauti hii, ambayo hata wakubwa huichanganya: kuchongea ni kusema ili mwenzako aadhibiwe, kutoa taarifa ni kusema ili mtu aokolewe.

Usimwambie, "Na wewe mpige." Kama angeweza kumshinda asingeonewa. Ushauri huo humrudisha katika mapambano asiyoyaweza, na akishindwa ataona aibu mbili. Wala usiende kwa hasira hadi mlangoni kwa wazazi wa yule mwingine usiku huo huo. Ugomvi wa watoto ukigeuka ugomvi wa wazazi, watoto husahauliwa.

Andika siku, mahali na lililotokea. Kisha nenda kwa mlezi au mwalimu wa tuisheni, si wakati wa kuchukua watoto penye kelele, bali saa mliyopatana. Mweleze unayoyajua, muulize atafanya nini, na mkubaliane siku ya kukutana tena. Baada ya juma moja rudi uulize. Wengi wetu hulalamika mara moja tu, na mtoto hubaki na mwonevu ambaye sasa anajua kuwa amesemwa.

WAJIBU WA MLEZI

Uonevu huota mahali jicho la mtu mzima lisipofika. Mlezi anaweza kupataja mahali hapo bila shida: nyuma ya choo, kwenye foleni ya maji, barazani kabla hajafika, dakika anazokwenda kuswali au kupokea simu, na kipande cha njia hadi kituo cha daladala. Apange basi nani awepo hapo. Asimkabidhi fimbo mtoto mkubwa awe kiranja wa wenzake. Kiranja mwenye fimbo na asiye na msimamizi huweza kuwa mwonevu mwenye cheo.

Mfano upo. Mwaka 1983, baada ya habari za vijana watatu wa kaskazini mwa Norway waliojiua, na ikadhaniwa kuwa uonevu wa wenzao ndio uliowafikisha hapo, nchi hiyo ilianzisha kampeni katika shule zake. Katika shule 42 za mji wa Bergen zilizofuatiliwa na Olweus, malalamiko ya watoto yalipungua kwa karibu nusu katika miaka miwili. Mambo waliyoyafanya hayakuhitaji fedha nyingi: watu wazima walisimamia saa za mapumziko, kanuni chache zilitungwa na kuelezwa kwa kila mtoto, na wazazi waliitwa kuzungumza.

Watazamaji nao wasisahauliwe. Watafiti waliochunguza viwanja vya shule za Toronto, Kanada, walieleza mwaka 2001 kwamba watoto wenzao waliingilia kati katika matukio 19 tu kwa kila 100. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo mlezi awafundishe watoto wote, si wale wawili tu: usicheke, mwite mwenzako aje akae nawe, kamwite mkubwa.

Kuna kosa moja lifanywalo kwa nia njema. Mlezi huwaita wawili hao, huwaamuru wapeane mikono na waombane msamaha, kisha huona kazi imekwisha. Upatanisho huwafaa waliogombana. Aliyeonewa hana kosa la kuombea msamaha, na mbele ya mwonevu wake hatasema kweli. Zungumza na kila mmoja peke yake. Kwanza mhakikishie usalama aliyeonewa, halafu ndipo umrudie aliyeonea.

Na huyu aliyeonea naye ni mwana wetu. Kumcharaza bakora ni kumthibitishia somo lile lile analolitenda, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Alaumiwe tendo lake bila kupachikwa jina baya, arudishe alichochukua, aondolewe kwa muda katika nafasi inayompa mamlaka juu ya wadogo, na apewe kazi ya manufaa chini ya jicho la mlezi. Kisha aulizwe kwa upole anaishije kwao. Pengine utakuta mtoto ambaye nyumbani au mtaani naye huonewa. Mzazi unayeambiwa kuwa mwanao ndiye mwonevu, usiruke na kukana. Samaki hukunjwa angali mbichi.

JAMBO LIKIZIDI

Mtoto akiumizwa, akitishwa kwa silaha, au akiguzwa sehemu zake za siri, hilo halimalizwi kwa mazungumzo ya barazani. Mpeleke hospitali, toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitaarifu serikali ya mtaa. Ipo pia simu ya huduma kwa watoto, namba 116, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila malipo. Iandikeni ukutani mahali watoto wanapokaa.

Kabla hujalipa ada ya mwezi ujao, ndugu mzazi, muulize mlezi wa mwanao maswali matatu: Watoto ni wangapi, na watu wazima ni wangapi? Unapotoka, nani hubaki nao? Mtoto akionewa, amwendee nani? Mlezi mwema hatachukizwa na maswali hayo. Na jibu la swali la tatu lazima mtoto mwenyewe alijue. Muulize leo jioni. Asipoweza kulitaja jina la mtu huyo, kesho mpeleke wewe mwenyewe ukamwonyeshe.