Makaa, Ukaa na Mchuuzi wa Kawangware

Katika sehemu ya Kawangware inayojulikana kama 56, neno makaa halihitaji kamusi. Makaa huuzwa kwa mkebe kando ya barabara, hupimwa mbele ya macho ya mnunuzi, na bei yake hujulikana hata na mtoto anayetumwa jioni. Neno ukaa bado halijafika huko. Limebaki katika orodha za istilahi, katika vitabu vya sayansi na katika taarifa za habari, hasa za watani wetu wa Tanzania. Ilhali maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja: yote yametokana na kaa, kile kipande cheusi kinachosalia mti ukishachomwa. Hata Kilatini, kilichowapa Wazungu jina la kaboni, kilianzia papo hapo, kwani carbo katika lugha hiyo ni kaa la kawaida la jikoni. Mwingereza wa leo hausikii tena moshi ndani ya neno lake. Muuza makaa wa Kawangware angeusikia mara moja, lau angeambiwa.

Suala la nani amwambie, na kwa lugha ipi, si suala dogo. Nairobi ina mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi wa mwaka 2020 hadi 2050, uliotayarishwa kwa ushirikiano na muungano wa miji unaoitwa C40. Ina pia sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2021, iliyofuata ile ya kitaifa ya 2016. Muundo unaotumika nchini, na ambao umepata fedha za Benki ya Dunia tangu 2021, unazitaka kaunti ziwe na kamati katika kila wadi, ili wananchi wenyewe waseme ni hatua zipi zitangulie na fedha zielekezwe wapi. Nairobi ina wadi 85. Kamati hizo zinatarajiwa kushauri, kuhamasisha na kuwavuta wafanyabiashara waingie katika shughuli hiyo kwa hiari. Kwa muundo huo hapana lawama. Lakini mpango uliandikwa kwa Kiingereza, sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na sekta ya kaunti inayoshughulikia mazingira ikabatizwa jina Green Nairobi. Hayo yametendeka chini ya Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Dai linalotolewa hapa ni kwamba kamati ya wadi haiwezi kumshawishi mchuuzi wa Kawangware wala wa Kibera mpaka izungumze lugha yake, na kwamba kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao kufikia sasa wameitazama kwa mbali kana kwamba ni shughuli ya wanajiografia.

Msomaji akumbuke marufuku ya mifuko ya plastiki. Ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi wa Februari 2017, ikaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo. Adhabu iliyotajwa ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Kwa mama mboga ambaye mtaji wake wote ni shilingi elfu chache, milioni 4 ni hadithi ya majitu. Isitoshe, mfuko wenyewe haukuwa ukiitwa plastiki katika vibanda vya Nairobi. Uliitwa juala, au pepa, au hata karatasi, japo haukuwa na chembe ya karatasi ndani yake. Aliyesikia kwamba plastiki imepigwa marufuku angeweza, kwa nia njema kabisa, kudhani kuwa karatasi yake imesalimika. Marufuku ile ilifaulu kwa kiasi kikubwa, na mitaro ya jiji ni shahidi. Hata hivyo, wachuuzi wengi walijifunza sheria kutokana na hofu ya askari, si kutokana na maelezo. Na hofu ina kawaida ya kupungua askari anapogeuka upande wa pili. Ndiyo sababu mifuko hiyo imeendelea kupenyezwa kutoka nchi jirani.

Mfano mwingine ni mchungu zaidi. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua mamia ya watu nchini, na mitaa ya mabanda jijini Nairobi iliumia sana. Mwezi wa Mei serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi karibu na mito wahame, na mita 30 kutoka ukingoni zikawa ndiyo mpaka. Huko Mathare na Mukuru nyumba zilibomolewa. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kuhusu haki na hekima ya hatua ile, lakini jambo moja ni dhahiri shahiri: kwa familia nyingi, tingatinga lilikuwa ndilo mjumbe wa kwanza wa sera ya tabianchi kubisha mlangoni. Kawangware nayo inapakana na Mto Nairobi; Kibera inapitiwa na Mto Ngong, unaomwaga taka na tope katika Bwawa la Nairobi. Wenye vibanda karibu na maji hayo wangali wanafanya biashara. Ama watafikiwa na kamati mapema kwa maneno wanayoyaelewa, au watafikiwa na mjumbe yule yule wa 2024.

Kuna ithibati kwamba biashara ndogo hubadilika vizuri zikishawishiwa ipasavyo. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na nishati jadidifu. Hotuba zilitolewa, wajumbe wakaondoka. Kilichobaki na kuenea katika miaka iliyofuata ni jiko: lile lenye bati kwa nje, udongo uliochomwa kwa ndani na kiuno chembamba katikati. Wazo lake lilichotwa katika jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa na kuboreshwa nchini, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalifanya bidhaa ya sokoni. Jiko hilo hukadiriwa kupunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Fundi hakuhitaji mahubiri kuhusu misitu, aliona faida. Mpishi naye aliona mkebe wa makaa ukikawia kuisha. Leo jiko hilo liko kila mahali hata watu wamesahau kwamba liliwahi kuwa jambo geni. Wanakamati wangefanya vyema kulitazama kila wanapoandika neno uhamasishaji. Liliuzwa kwa lugha ya mfuko wa mnunuzi, nayo ni lugha ambayo Kiswahili cha sokoni kinaimudu kuliko Kiingereza cha ofisini.

Kibera imetoa funzo la karibu zaidi. Shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likifanya kazi huko tangu 2006, likishirikiana na makundi ya wakazi kugeuza sehemu za kingo za mto zilizojaa taka kuwa viwanja vya umma vyenye vyoo, maji na nafasi za biashara. Baadaye, kuanzia 2018, shirika hilo lilishiriki katika mradi wa DARAJA, uliotekelezwa Nairobi na Dar es Salaam, ambao uliwakutanisha watabiri wa hali ya anga na wakazi wa mitaa duni. Utabiri uliandikwa upya kwa lugha nyepesi, ukapelekwa kwa njia ambazo watu huzitumia: ujumbe wa simu, redio za mtaani, viongozi wa jamii. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Taarifa isemayo kwamba mvua itakuwa “juu ya wastani” ni sahihi kisayansi, lakini haimsaidii anayeuza samaki kando ya mtaro. Yeye anataka kujua kama maji yatafika mezani pake, na kama ahamishe bidhaa usiku huu au asubiri kesho. Kuitoa taarifa katika hali ya kwanza na kuifikisha katika hali ya pili ni kazi ya tafsiri, nayo hufundishwa katika idara zetu.

Pingamizi mbili husikika. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii imechakaa, ila ina punje ya ukweli, kwa maana tatizo halisi ni kwamba istilahi zipo nyingi na hazijapimwa masikioni mwa watu. Chukua tabianchi. Wengine huandika tabia nchi, wengine husema hali ya hewa, na Kenya hupendelea hali ya anga. Mchuuzi akiambiwa kwamba hali ya anga inabadilika atajibu, na atakuwa na haki, kwamba imekuwa ikibadilika kila siku tangu azaliwe. Lakini lugha yenyewe ina jibu. Mtu huulizwa hali yake kila asubuhi. Tabia yake haiulizwi, hujulikana kwa kuishi naye miaka mingi. Anayelieleza jambo hivyo sokoni atakuwa amefundisha tofauti kati ya hali ya anga na tabianchi kwa sentensi mbili, bila ubao wala mchoro.

Istilahi nyingine, ustahimilivu, inahitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Hutumiwa kuelezea uwezo wa jamii kupigwa na janga na kusimama tena. Kwa wanataaluma ni neno zuri. Lakini kustahimili, kwa masikio ya aliyefurikiwa na maji mara tatu, ni kuvumilia. Ni lile neno ambalo maskini ameambiwa na kila mtawala. Mradi unaoahidi kuongeza ustahimilivu wa wakazi wa Kibera unaweza kusikika kama mradi wa kuwafunza kunyamaza. Kama kuna mahali ambapo mjadala wa istilahi una uzito wa mkate na paa, ni hapa. Uimara? Uwezo wa kuinuka? Jibu lisitoke kwenye meza ya wataalamu peke yao.

Pingamizi ya pili ni kwamba Kawangware huzungumza Sheng, na nyumbani Kikuyu, Kiluhya na lugha nyinginezo. Ni kweli. Lakini baraza la chifu, mahubiri ya wageni mchanganyiko na majadiliano ya bei kati ya watu wasiofahamiana huendeshwa kwa Kiswahili, hata kama si kile cha mtihani. Ama Sheng, itumike inapotokea yenyewe. Bango la ofisi linalojilazimisha kuzungumza kama makanga hucheka peke yake.

Lugha pekee haitoshi, hilo likubaliwe. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, mwenye kibanda anaombwa achague kati ya mazingira na mauzo ya siku, na atachagua mauzo. Wachuuzi hukutana katika vyama vyao vya kuchangiana, kwa saa zao, na wenyekiti wao wanajulikana. Huko ndiko mwanakamati aende, akae mwisho wa benchi, asubiri zamu yake. Kaunti nyingine zimetangulia kwa busara ya namna hii: huko Isiolo, upangaji wa matumizi ya malisho na maji katika miradi ya tabianchi ulijengwa juu ya dedha, baraza la jadi la wazee wa Kiborana, badala ya kuunda chombo kigeni kabisa. Kawangware haina dedha, lakini ina vyama. Mambo ya kujadili yapo tele. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Muuza matunda anahitaji kuonyeshwa atakayeyachukua maganda yake na malipo yatakuwaje, kabla ya kutajiwa kosa. Muuza chipsi anahitaji hesabu ya makaa ya mwezi ikilinganishwa na ya gesi, kwa shilingi, si kwa tani za hewa ya ukaa.

Inashangaza, basi, kwamba tasnifu za Kiswahili zinaendelea kuchambua ubeti na takriri mwaka baada ya mwaka, jambo jema na la lazima, huku ni chache mno zinazojaribu kuupima mpango wa jiji kwa kigezo cha kueleweka. Tafsiri ya mpango huo, hata muhtasari wa kurasa kumi, ingekuwa mradi unaofaa wa shahada ya kwanza. Kuipima tafsiri hiyo katika vyama vitatu vya Kawangware, kusikiliza ni neno gani linalokwama na kulirekebisha, ingekuwa kazi ya uzamili yenye data ambayo hakuna maktaba iliyo nayo. Wadi ya Kawangware, ya Gatina na ya Kabiro ziko katika eneo bunge moja na Kilimani na Kileleshwa, kwa hiyo hata tofauti ya matabaka inaweza kuchunguzwa kwa nauli ya matatu.

Kamati ya wadi haimhitaji profesa. Inamhitaji mtu atakayeandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili ambacho muuza makaa aliyehudhuria anaweza kusomewa, akainua mkono na kusema: hapo, sivyo nilivyosema.