Kuku Aliyeumizwa na Kicheche

Usiku wa manane kelele husikika bandani, na watu wa nyumbani huamka wakaja na taa. Kicheche amekwisha kimbia. Manyoya yametapakaa, na kuku mmoja amelala pembeni, damu yamtoka mgongoni. Neno la kwanza lisemwalo katika nyumba nyingi ni hili: "Leteni kisu!"

Desturi hiyo ina sababu yake, maana kuku akifa kabla ya kuchinjwa nyama yake haifai kuliwa, na nyumba ya maskini haiwezi kudharau kitoweo. Lakini mara nyingi kisu hicho huwa na haraka mno. Damu kidogo juu ya manyoya huonekana kuwa nyingi, na hukumu itolewayo usiku kwa nuru ya taa, watu wakiwa na hasira na usingizi, si hukumu ya kutegemewa. Mtetea aliyekwisha zoea kulalia mayai siku zake 21 na kulea vifaranga si mali ya siku moja; kifaranga atakayeshika mahali pake hukaa kama miezi sita kabla ya kutaga yai la kwanza. Basi mwenye kuku apime: upande mmoja chakula cha jioni moja, upande wa pili mayai na vifaranga vya miaka. Akimngoja hata asubuhi huenda akakosa nyama, ni kweli. Hata hivyo yafaa angoje.

Wako kuku wasiofaa kungojewa. Aliyetokwa na matumbo, au asiyeweza hata kuinua kichwa, achinjwe upesi, maana kumwacha ateseke mpaka kuche si huruma.

Kuku wa kutibiwa hushikwa kwa mikono miwili, taratibu, wala habanwi kidari. Ndege hupumua kwa kuinua na kushusha kidari chake; akibanwa hapo atakufa kwa kukosa pumzi, ijapokuwa pua zake zi wazi. Wavulana wengi wameua kuku kwa njia hii, wakidhani wanamwokoa. Kisha atiwe katika kikapu chenye majani makavu, kifunikwe nguo nyepesi, kiwekwe mahali penye giza na kimya. Joto la mwili wa kuku hupita digrii 41, yaani ni kubwa kuliko la mtu, na akitokwa na damu hupoa. Mara nyingi baridi na hofu humwua upesi kuliko jeraha. Awekewe maji karibu anywe mwenyewe. Akimiminiwa kooni kwa nguvu, maji yaweza kuingia katika njia ya pumzi. Tena asirudishwe kwa wenziwe, maana kuku waonapo damu huidonoa, hata wakammaliza ndugu yao.

Kulipokucha, manyoya yazungukayo jeraha hukatwa kwa mkasi, pasipo kung'olewa, na mahali pale huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko cha chai kisichojaa katika nusu lita. Likiwapo tundu lililoingia ndani ya mwili, maji yasimiminwe humo, kwa kuwa ndege ana mifuko ya hewa ndani yake, na maji yakiipata humdhuru. Hapo wazee wengi husema, "Mjukuu wangu, tia majivu," na wengine hutia mafuta ya taa. Wazee wastahili heshima, lakini majivu huingiza uchafu, na mafuta ya taa huunguza nyama mbichi. Asali safi ni bora.

Jino la mnyama lina hatari kuliko lionekanavyo. Mwaka 1880 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza jinsi ya kuwakinga kuku na kipindupindu chao. Jamii ya vijidudu vya ugonjwa ule ikaitwa kwa jina lake, na vingine vya jamii hiyo hukaa katika kinywa cha paka pasipo kumdhuru. Kwa hiyo kuku aliyeumwa na paka huweza kufa siku ya pili au ya tatu, ijapokuwa tundu lake ni dogo kama la sindano. Huyo apelekwe kwa bwana mifugo, naye akimpa dawa, mayai na nyama yake visiliwe mpaka siku alizozitaja zipite. Mwenye kumwuguza naye aoshe mikono kwa sabuni.

Jeraha hutazamwa kila siku, kwa maana inzi hutaga mayai yake juu yake, na funza huweza kutoka kabla siku moja haijaisha. Kuku akianza kula, tumaini lipo. Kutaga kwaweza kukoma kwa majuma kadhaa, nako kusihesabiwe kuwa uvivu.

Wakati huohuo mtu mwingine na akatafute tundu bandani. Kicheche aliyeonja damu mara nyingi hurudi usiku wa pili, naye hupita mahali ambapo mwenye nyumba alidhani panya tu ndiye awezaye kupita.