Baiskeli Si Cheti cha Umaskini

Miongoni mwa imani zinazotawala fikra za watu wa mijini katika Afrika ya Mashariki, na ambazo hazihojiwi kwa sababu zimekwisha kuzoeleka mno, imo ile inayoshikilia kwamba kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli ni dalili ya ufukara, na kwamba maendeleo ya mji hupimwa kwa kadiri wakazi wake walivyofaulu kuziacha njia hizo mbili na kuhamia kwenye vyombo vya moto, yaani vyombo vyote vinavyokwenda kwa injini, kuanzia pikipiki hadi lori. Imani hiyo ina ngazi zake, na kila mtu anazijua bila kufundishwa: chini kabisa yuko anayetembea, juu yake mwenye baiskeli, kisha mwenye pikipiki, kisha mwenye gari dogo, na kileleni ameketi mwenye gari kubwa lenye vioo vyeusi. Makala hii inadai kwamba ngazi hiyo ni ya uongo, kwamba madhara yake ni makubwa zaidi katika mji wa bandari, na kwamba Tanga, ambayo kwa miaka mingi imetaniwa kuwa mji wa baiskeli, inatoa ushahidi ulio wazi dhidi yake.

Hali ya mji wenyewe inaeleza mengi. Tanga imekaa juu ya ardhi tambarare kando ya ghuba, pasipo milima ya kumtoa mtu pumzi, na mitaa yake ya kati inafuata mpango uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapo mwaka 1893, ilikuja kuwa mpaka kati ya eneo la ofisi na majumba lililo upande wa bahari na mitaa ya Ngamiani iliyo upande wa pili, ambako barabara zimenyooka, zinakatana, na hadi leo zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kupita ya ishirini. Katika mji wa namna hiyo, ambamo sokoni, shuleni, hospitalini na bandarini ni mwendo wa kilomita chache tu kutoka makazi mengi, hesabu ya safari ni nyepesi: mwendesha baiskeli asiye na haraka huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa, kwa hiyo kilomita nne zinamchukua kati ya dakika 15 na 20, kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa kazini, bila kungoja daladala ijae na bila kutafuta pa kuegesha.

Anayedai kwamba baiskeli ya Tanga ni ya maskini peke yao hajaitazama vizuri. Hupita juu yake mwalimu, karani, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mwanafunzi aliyempakia mdogo wake kwenye keria, na mama aliyekusanya baibui lake akalikalia ili pindo lisinaswe na cheni. Na jambo hili la mwisho si dogo, kwa maana yako maeneo mengi nchini ambako mwanamke aliye juu ya baiskeli bado anageukiwa shingo, ilhali Tanga amekuwa sehemu ya mandhari ya kawaida. Kuhusu wachuuzi, baiskeli kwao ni mtaji kabla ya kuwa usafiri. Muuza madafu huning'iniza mashada pande zote mbili za keria, mengine akayafunga kwenye fremu, panga akalichomeka ubavuni, hata chombo chenyewe kisionekane isipokuwa magurudumu na usukani. Asubuhi haiendeshi, anaisukuma polepole, anaiegemeza penye kivuli, anauza mpaka maganda yawe lundo miguuni pake, na jioni ndipo anapoipanda kurudi kwao. Duka hilo halina pango la kulipia wala petroli ya kununua. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, ambayo ni mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, yaani kiwango ambacho muuzaji haruhusiwi kukivuka, na tangazo hilo humshtua dereva wa bodaboda, wa bajaji na wa daladala, lakini kwa muuza madafu ni habari za watu wengine.

Hata matengenezo yake yanabaki mtaani. Fundi baiskeli anahitaji kivuli, pampu, spana chache, gundi, na karai la maji ambamo tyubu huzamishwa na kuzungushwa taratibu mpaka viputo vionyeshe tundu lilipo. Kisha hukwangua, hupaka, hubandika kiraka, na fedha aliyolipwa inatumika kwa mama ntilie wa jirani badala ya kuvuka bahari kulipia mafuta. Wachumi hupenda kuzungumzia mzunguko wa fedha ndani ya jamii, na ni ajabu kwamba mfano ulio mwepesi hivyo kuuona hutajwa mara chache vikao vinapojadili uchumi wa mji.

Ikumbukwe pia kwamba baiskeli haikuzaliwa na unyonge huo. Katika miongo ya ukoloni, mwenye Raleigh yenye kengele na taa ya dinamo alikuwa mtu wa kutazamwa, karani au mfanyabiashara, na wapo waliodunduliza mishahara ya mashamba ya mkonge kwa muda mrefu ili wapate kununua moja. Chombo ni kile kile, magurudumu yake ni mawili kama zamani, na kilichobadilika ni macho ya watazamaji. Kitu ambacho kwa kizazi kimoja kilikuwa fahari na kwa kizazi kingine kikawa aibu, bila umbo lake kubadilika, hakiwezi kuwa kipimo cha kudumu cha utajiri wala cha umaskini. Hiyo ni fasheni, na sera ya mji haipaswi kushonwa kwa kufuata fasheni.

Ubaya mkubwa wa imani hii ni kwamba hujitengenezea ushahidi wake. Mhandisi anayeamini kwamba waendao kwa miguu na kwa baiskeli ni watu wa kupita tu, ambao kesho watanunua magari, huhesabu magari peke yake anapofanya upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi unaotangulia mradi ili kujua kama unafaa, na kwa kuwa hakuwahesabu hao wengine, hawaonekani kwenye michoro. Barabara inapanuliwa, miti ya kivuli inaangushwa kwanza, mtaro wa maji ya mvua unaachwa wazi pembeni, na bega la barabara, ile sehemu ndogo ya lami iliyobaki nje ya mstari, linageuka kituo cha bajaji na maegesho ya malori. Mwendesha baiskeli anabaki kati ya mtaro na tairi. Baada ya kuponea chupuchupu mara kadhaa anaiuza baiskeli yake, anaanza kulipa nauli ya bodaboda asubuhi na jioni, nauli inayomega kipato chake kila siku, na wanaopanga mji wanamwandika kwenye ripoti kuwa mwananchi aliyepiga hatua.

Wanaopinga husema kwamba baiskeli ni hatari. Wanasema kweli, ila wamemkamata mshtakiwa asiye na kosa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa mwaka katika ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Baiskeli mbili zikigongana mtaani, aghalabu hasara ni goti lililochubuka na maneno mawili matatu ya ukali. Kinachoua ni uzito na mwendo wa chombo cha moto. Mwili wa binadamu huweza kustahimili pigo la gari lililo katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, lakini nafasi ya kupona hupungua kwa kasi mwendo unapozidi hapo, na sheria ya Tanzania inaruhusu kilomita 50 kwenye maeneo ya makazi. Kumshauri mtu aache baiskeli kwa sababu ya hatari inayoletwa na mwingine ni kumhukumu aliyegongwa.

Mataifa tajiri yenyewe yaliwahi kuiamini ngazi hii na yakaona gharama yake. Uholanzi, ambayo leo hutajwa kana kwamba watu wake walizaliwa juu ya baiskeli, ilikuwa katika miaka ya 1950 na 1960 ikiyaachia nafasi magari, na mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani humo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai mauaji hayo ya watoto yakomeshwe, mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ukaongeza msukumo, na taratibu serikali ikabadili namna ya kujenga miji. Amsterdam, ambao nao ni mji wa bandari, una vivuko vinavyowavusha waenda kwa miguu na waendesha baiskeli bure katika mkondo wa maji wa IJ, na mwaka 2023 ulifungua maegesho ya baiskeli zipatazo 7,000 chini ya maji, mbele ya stesheni kuu ya reli. Mji unaochimba chini ya maji ili baiskeli zipate pa kulala hauwezi kusemwa kuwa umekosa fedha za kununua magari.

Hapo huletwa hoja ya jua. Ulaya kuna baridi, husemwa, na joto la pwani halivumiliki. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama isingetolewa na watu wale wale wanaoidhinisha kukatwa kwa miti. Joto la mtaa wenye miarobaini na mikungu halilingani na joto la lami iliyo wazi, na jambo hilo halihitaji kipimajoto. Linamhitaji mtu atembee saa saba mchana kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walilifahamu vyema, wakasogeza nyumba karibu karibu ili vichochoro vipate kivuli karibu siku nzima, na miji hiyo ya waenda kwa miguu, iliyoandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, inawavutia wageni wanaolipa fedha nyingi ili watembee humo kwa miguu yao wenyewe.

Mombasa inatoa somo la aina nyingine. Katika kivuko cha Likoni, ambapo hesabu zinazotajwa mara kwa mara ni za watu zaidi ya 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku, walio wengi mno wanapanda feri kwa miguu, na bado tatizo la Likoni limezoeleka kusimuliwa kama tatizo la foleni ya magari. Janga la korona, lililofanya msongamano wa watu ndani ya feri uwe jambo la kuogopwa, ndilo lililosababisha kujengwa haraka kwa daraja linaloelea la Liwatoni kwa ajili ya waenda kwa miguu peke yao. Daraja hilo lilikuwa na upungufu wake, likiwemo sharti la kufunguliwa ili meli ziendazo na zitokazo bandari ya Kilindini zipite, lakini lilithibitisha jambo moja: mtembea kwa miguu akihesabiwa, fedha za kumjengea hupatikana.

Kwa Tanga suala hili sasa lina haraka, na haraka hiyo inatoka bandarini. Kwa miaka mingi meli kubwa zilikuwa zikitia nanga umbali wa mita 1,700 hivi kutoka gatini, na shehena ikishushwa kwenye matishari, ambayo ni mashua bapa za kubebea mizigo, kisha ikavutwa hadi nchi kavu. Mradi uliotumia shilingi bilioni 429.1 umeongeza kina hadi mita 13 na kuimarisha gati zenye urefu wa mita 450, hivyo meli hufunga gatini na kupakuliwa papo hapo. Shehena iliyokuwa ikisubiri baharini sasa inateremka moja kwa moja mjini, na sehemu kubwa yake inaondoka kwa lori. Watu wa Tanga wamezoea kuwacheka ndugu zao wa Dar es Salaam wanaoamka usiku wa manane kukwepa foleni, na kicheko hicho hakitadumu ikiwa malori ya bandari yatakutana barabarani na wakazi wote wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, kila mmoja ndani ya chombo chake cha moto.

Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara mwenye kontena linalosubiri gatini ndiye aliyestahili kuwa mtetezi wa kwanza wa baiskeli. Lori halina njia mbadala, kwa kuwa tani 30 hazibebwi kwenye keria, lakini mkazi anayo, na kila mkazi anayebaki juu ya baiskeli huacha nafasi barabarani ambayo lori linaihitaji. Njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo wa zege, mtaro uliofunikwa ili juu yake pawe pa kupita, matuta kabla ya shule, na miti iliyopandwa upya upande wa magharibi wa barabara kuzuia jua la alasiri si anasa za Ulaya. Ni kazi ambazo makandarasi wa hapa wanazimudu, na zinagharimu kidogo mno zikilinganishwa na kuongeza njia moja ya magari. Halmashauri ya Jiji na TARURA, wakala unaosimamia barabara za vijijini na mijini, hawahitaji kungoja mfadhili ili kulianza hili. Wanaweza kuwaweka vijana kwenye makutano ya reli na mitaa ya Ngamiani kwa wiki moja, kuanzia saa 12 asubuhi, wahesabu watu wanaopita badala ya magari, na takwimu hizo zikaambatishwa kwenye kila zabuni ya barabara itakayotangazwa mwaka wa fedha ujao.