Nani Abaki, Nani Auzwe? Tuliulize Daftari Kwanza

Kila msimu wa ligi unapofikia ukingoni, mashabiki wa kandanda nchini hugeuka kuwa madalali. Katika matatu, katika vibanda vya vinyozi na hata katika vyumba vya wahadhiri, swali huwa ni moja: nani abaki, nani auzwe? Juzi nilisafiri na mashabiki wawili wa Gor Mahia kutoka katikati ya jiji. Kabla sijateremka, walikuwa wamekwisha kumuuza mshambuliaji mmoja Uarabuni, wamewaachilia mabeki wawili, na fedha za mauzo wamezitumia kumleta kiungo kutoka Uganda. Ubishi wao ulinifurahisha. Hata hivyo, hakuna kati yao aliyeuliza mkataba wa mshambuliaji huyo unakwisha lini.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si kocha. Wasomaji wataniwia radhi nikianza na neno. Kitenzi "uza" kimetokana na shina la Kibantu lenye maana ya kununua, shina ambalo Wakikuyu wanalo hadi leo katika "gũra" na Waganda katika "gula". Kuuza, kwa asili yake, ni kumfanya mtu anunue. Tendo hilo lina washiriki watatu: auzaye, anunuaye na kiuzwacho. Kati ya hao, kiuzwacho pekee ndicho kisichoulizwa neno. Mbuzi haulizwi kama anapenda kupelekwa Dagoretti. Hapo ndipo kitenzi hiki kinapotupotosha, kwa kuwa mchezaji huulizwa, na asipotia sahihi hakuna uhamisho. Kinachouzwa hasa ni muda uliosalia katika mkataba wake: klabu moja huilipa nyingine ili ikubali kuuvunja. Muda huo ukiisha, hakuna cha kuuza.

Haki hii haikuja hivi hivi. Kwa miongo mingi klabu za Uingereza ziliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kumalizika, mradi tu jina lake liwe katika orodha ya wanaobakizwa. George Eastham wa Newcastle United aligoma, akaenda mahakamani, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu huo ulimzuia mtu kutafuta riziki yake isivyo halali. Tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilikata kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman na kuamua kuwa mchezaji aliyemaliza mkataba aweza kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila ada. Leo kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kutia sahihi na klabu nyingine ukisalia muda wa miezi sita au chini ya hapo. Tena, klabu isiyomlipa mshahara wa miezi miwili, naye akaipa ilani ya siku kumi na tano bila kulipwa, humpa sababu halali ya kuondoka.

Tuyatie hayo katika mizani ya ligi yetu. Mishahara inayochelewa ni hadithi ya kila msimu, na hali ilizidi kuwa ngumu baada ya SportPesa kuondoa udhamini wake mwaka 2019. Klabu yenye deni la mishahara haina mshambuliaji wa kuuza; ina mshambuliaji anayehesabu siku.

Wapo wanaodhani kwamba msiba mkubwa ni nyota kuondoka. Sikubaliani nao. Michael Olunga aliondoka Gor Mahia baada ya timu kutwaa ubingwa wa mwaka 2015 bila kushindwa, akaenda Djurgården ya Uswidi. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani kwa mabao 28. Gor ilirudi kileleni mwaka 2017. Meddie Kagere alikwenda Simba mwaka 2018, Jacques Tuyisenge akaenda Petro de Luanda mwaka 2019, na bado klabu iliendelea kutwaa mataji. Nyota huenda, timu hubaki. Hasara ni nyota kwenda bila kuacha chochote nyuma.

Mfano ni Victor Wanyama. Celtic ilipomhamishia Southampton mwaka 2013, ilitajwa ada ya takriban pauni milioni 12.5. Kanuni za FIFA hutenga asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa ada hiyo ni kama pauni 625,000. Lakini anayedai sharti aonyeshe kumbukumbu za usajili. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari hilo humlinda mchezaji pia. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliichezea klabu ya ligi kwa misimu miwili bila kupewa nakala ya mkataba wake. Alipoumia goti, alisikia redioni kuwa "ametemwa". Neno hilo tunalitumia kila siku magazetini bila kulifikiria. Kinachotemwa ni makapi ya muwa, utamu ukishafyonzwa. Kijana huyo hakuwa na karatasi ya kudai hata matibabu.

Basi nani abaki, nani auzwe? Rai yangu ni hii. Kijana anayeng'ara na ambaye mkataba wake umesaliwa na mwaka mmoja, klabu izungumze naye sasa: ama aongeze muda, ama auzwe angali na thamani. Kiungo anayeishikilia timu abakizwe kwa mshahara unaofika kwa wakati, si kwa nyimbo za mashabiki. Mkongwe anayeagwa aitwe ofisini, alipwe stahili zake na kushukuriwa, kabla jina lake halijasomwa hadharani.

Viongozi watasema mikataba mirefu ni mzigo kwa klabu isiyo na mdhamini. Ni kweli. Lakini mkataba mfupi ni mzigo mzito zaidi, kwa kuwa kila mwaka klabu hulea, hufunza, kisha hutoa bure.

Nitakapokutana tena na wale mashabiki wawili, sitawakataza kubishana, maana kandanda bila ubishi ni chai bila sukari. Nitawaomba tu, katika mkutano ujao wa wanachama, wainue mkono na kuuliza: mikataba iko wapi, nayo inakwisha lini?