Hema la nguzo moja
Je, mzazi, unapanga kwenda kupiga kambi Naivasha na watoto likizo hii? Hema lililochongoka juu, lenye nguzo moja katikati, ni rahisi kusimamisha: kwanza pigilia vigingi kuizunguka sakafu, kisha ingia ndani uinue nguzo. Kabla ya kulipa, hakikisha sakafu imeshonewa ukutani na kileleni mna tundu la hewa.

Lakini tahadhari! Wenyeji asilia wa nyanda za Marekani waliwasha moto ndani ya mahema yao ya ngozi kwa sababu juu palikuwa na mwanya mpana wa moshi. Hema la kitambaa halina mwanya huo. Hewa ya sumu itokayo kwa makaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje, blanketi ziingie ndani.